Alama ya mtoto mchanga: Ipi ya kungojea, na ipi ya kukimbiza hospitalini?

Tuseme mwanao ametimiza wiki 3 tangu azaliwe. Unamwogesha asubuhi kwenye karai, na ukimpangusa uso unaona kitu ambacho una hakika hakikuwapo siku ile mlipotoka hospitalini. Ni kialama kidogo kwenye kope la juu la jicho, mfano wa mkwaruzo wa ukucha. Wiki inayofuata kimekuwa na upana wa shilingi. Wiki ya baadaye kimeinuka, ni chekundu, na ukikigusa ni laini na kina joto kidogo kuliko ngozi iliyo kando yake.

Hapo ndipo kila mtu nyumbani anapokuwa daktari. Mama mkwe anakuuliza, "Mwanangu, hukujikuna usoni usiku ule mwezi ulipopatwa?" Jirani anakuvuta kando, "Mama Baraka, mpake masizi ya chungu asubuhi na jioni, litakauka." Shangazi anasema ulikuwa na tamaa ya kitu ukiwa mja mzito na hukukila. Unapokwenda zahanati, muuguzi anamtazama mtoto, anatabasamu na kusema, "Usijali, mama. Hiyo itaisha yenyewe."

Miongoni mwa hao wote, msomaji, muuguzi ndiye aliye karibu zaidi na ukweli. Alama nyingi za namna hii huisha zenyewe. Lakini kwa mtoto huyu tuliyemtaja, ambaye alama yake iko juu ya kope, maneno hayo mazuri yanaweza kumgharimu uwezo wa kuona kwa jicho hilo. Kwa hivyo swali la kuuliza si "Je, itaisha?" Swali ni, "Je, iko wapi, inakua kasi gani, na itaharibu nini kabla ya kuisha?"

SI ZOTE ZINAZOFANANA

Alama tunazozungumzia leo ni zile zinazotokana na mishipa ya damu. Ngozi ya mwanadamu ina mishipa midogo sana ya damu, mingine ikiwa myembamba kuliko unywele. Mishipa hiyo ikizidi idadi, au ikiumbika vibaya, damu iliyomo huonekana kwa nje kama baka jekundu, la zambarau au lenye weusi wa samawati.

Kwa miaka mingi madaktari wenyewe waliziita alama hizi kwa majina yaliyochanganyikana. Mwaka wa 1982 wataalamu wawili wa Marekani, John Mulliken na Julie Glowacki, walionyesha kwamba ziko za aina mbili kuu. Aina ya kwanza ni uvimbe ambao chembe zake zinaongezeka kwa kasi, kisha unanywea. Aina ya pili ni mishipa iliyoumbika vibaya tangu tumboni, ambayo haiongezeki kwa kasi wala hainywei. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa matibabu hadi leo.

Kabla hatujazitazama aina hizo mbili, tuondoe kwanza zile zisizo na madhara. Watoto wengi huzaliwa na mabaka mekundu hafifu, yaliyo bapa, kwenye kope, katikati ya paji la uso au kisogoni. Mtoto akilia yanakolea, akilala yanafifia. Yale ya usoni kwa kawaida hufifia katika mwaka wa kwanza au wa pili. Yale ya kisogoni yanaweza kubaki, lakini nywele huyafunika na hayamdhuru mtu.

Kisha kuna yale mabaka ya samawati au kijivu ambayo watoto wengi wa Kiafrika huzaliwa nayo matakoni na kiunoni. Hayo hayahusiani na mishipa ya damu hata kidogo. Ni rangi ya ngozi iliyobaki ndani zaidi kuliko kawaida, nayo hutoweka mtoto anapokua. Tunayataja kwa sababu wako wazazi waliowahi kushukiwa kwamba wamempiga mtoto, kumbe ni rangi tu aliyozaliwa nayo.

UVIMBE UNAOKUA, KISHA UNANYWEA

Aina ya kwanza ndiyo ile ya mtoto wetu wa karai. Madaktari huiita hemanjioma. Katika nchi ambako imechunguzwa sana, huwapata watoto kama 4 au 5 kati ya kila 100. Wasichana huipata zaidi ya wavulana, na watoto waliozaliwa kabla ya miezi yao kutimia, au wakiwa na uzani mdogo, huipata zaidi ya wengine.

Dalili yake kubwa ni kwamba siku ya kuzaliwa huwa haipo, au huwa ni doa hafifu ambalo ni rahisi kulipuuza. Huchomoza katika wiki za mwanzo. Ukuaji wake wa kasi kupita yote huwa kati ya wiki ya 5 na ya 8. Kufikia miezi 3, uvimbe mwingi huwa umefikia sehemu kubwa ya ukubwa utakaoufikia, na kufikia miezi 5 mingi huwa imesimama. Ile iliyo ndani zaidi ya ngozi huchelewa kuonekana na huendelea kukua kwa miezi kadhaa zaidi.

Baada ya hapo, kwa kawaida kuanzia mwaka wa kwanza, uvimbe huanza kurudi nyuma. Wekundu wake unageuka kuwa wa kijivu kuanzia katikati, unalegea, unapungua. Wengi wa watoto hawa huwa wamemaliza safari hiyo wakifika umri wa miaka 4 hivi. Huu si ugonjwa wa saratani, wala hauambukizi.

Hata hivyo, "kuisha" hakuna maana ya "kutoacha alama". Uvimbe uliokuwa mkubwa na ulioinuka sana mara nyingi huacha ngozi iliyolegea, mafuta chini ya ngozi, au vimishipa vyekundu. Mgongoni jambo hilo si kitu. Kwenye ncha ya pua au mdomo, mtoto ataishi nalo maisha yake yote.

Jambo moja la kuzingatia kwetu sisi wenye ngozi nyeusi: vitabu vingi vya matibabu vinaonyesha picha za watoto wazungu, ambao wekundu wao unaonekana ukiwa mbali. Kwenye ngozi nyeusi, uvimbe unaweza kuonekana kama weusi uliozidi, rangi ya zambarau, au doa la samawati tu. Mtazame mtoto kwenye mwanga wa mchana. Tumia pia vidole: je, pameinuka kuliko pembeni? Pana joto? Ni laini kama sponji? Je, panavimba mtoto akilia?

MAHALI PASIPOTAKA KUNGOJA

Mzazi, ukisahau mengine yote, yashike haya. Mpeleke mtoto kwa daktari bila kukawia iwapo uvimbe wa namna hii uko katika mojawapo ya sehemu zifuatazo:

Kwenye kope au karibu na jicho. Jicho la mtoto mchanga bado linajifunza kuona. Likifunikwa, au likibanwa hata kidogo na uvimbe, ubongo huacha kulitegemea na kulitumia lile jingine. Uvimbe ukija kunywea mtoto akiwa na miaka 3 au 4, jicho litakuwa zima kwa kulitazama, lakini uwezo wake wa kuona huenda ukawa umepungua kabisa.

Kidevuni, shingoni na kando ya mashavu, pale ndevu zinapoota kwa mwanamume. Watoto wenye uvimbe mpana mahali hapo wanaweza kuwa na mwingine ndani ya koo. Ukisikia mtoto anakoroma au kupiga mluzi akivuta pumzi, au sauti ya kilio chake imekwaruza, usidhani ni mafua. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mdomoni, puani, masikioni na sehemu anapofungwa nepi. Hapo uvimbe huchubuka na kuwa kidonda. Kidonda ndiyo shida inayotokea mara nyingi zaidi, na kina maumivu makali. Mtoto hukataa kunyonya, au hulia kila anapokojoa, na mama hajui kwa nini.

Sehemu kubwa ya uso au kichwa. Baka pana linaloenea upande mmoja wa uso linaweza kuandamana na hitilafu za mishipa ya ubongo, ya moyo au za macho, na mtoto huhitaji kupimwa sehemu hizo.

Kiunoni, katikati ya uti wa mgongo. Wakati mwingine huficha hitilafu ya uti ndani.

Vivimbe 5 au zaidi mwilini, hata vikiwa vidogo. Daktari atataka kupiga picha ya ini, kwa sababu vingine vinaweza kuwa humo.

DAWA ILIYOPATIKANA KWA BAHATI

Zamani mtoto mwenye uvimbe wa hatari alipewa dawa za steroidi kwa miezi mingi. Zilisaidia baadhi, lakini zilivimbisha uso, zilipandisha shinikizo la damu na kuchelewesha kukua.

Kisha likatokea jambo katika mji wa Bordeaux, nchini Ufaransa. Daktari wa ngozi wa watoto, Christine Léauté-Labrèze, alikuwa na mtoto mwenye uvimbe puani. Mtoto huyo alikuwa akipewa steroidi, na moyo wake ukapata shida. Ili kuutuliza moyo, alipewa propranololi, dawa ambayo watu wazima wengi wanaijua kwa shinikizo la damu na mapigo ya moyo. Siku moja tu baadaye, uvimbe wa puani ulikuwa umebadilika rangi na kulainika. Hakuna aliyekuwa ameutarajia. Daktari huyo na wenzake waliwajaribu watoto wengine, na mwaka wa 2008 wakautangazia ulimwengu matokeo ya watoto 11.

Mwaka wa 2015 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa lililohusisha watoto 460. Kati ya waliopewa kipimo kilichofaa zaidi kwa miezi 6, watoto 60 katika kila 100 uvimbe wao ulitoweka kabisa au karibu kabisa. Kwa waliopewa dawa bandia, walikuwa 4 tu katika kila 100. Leo propranololi ndiyo dawa ya kwanza ambayo madaktari huitumia duniani kote kwa uvimbe wenye hatari. Kwa vivimbe vidogo visivyo ndani sana, kuna matone ya timololi, ambayo asili yake ni dawa ya macho, nayo hupakwa juu ya ngozi kwa maagizo ya daktari.

Sasa sikiliza kwa makini. Propranololi ni dawa kongwe na ya bei nafuu. Huenda babu ana vidonge vyake kabatini sasa hivi. Usithubutu kuvimega na kumpa mtoto. Dawa hii hupunguza mapigo ya moyo, hushusha shinikizo la damu, na inaweza kumbana kifua mtoto mwenye pumu. Hatari kubwa zaidi ni kwamba inaweza kushusha sukari mwilini hadi mtoto akapoteza fahamu, hasa akiwa hajala. Ndiyo sababu daktari humpima mtoto moyo na kumpima uzani kabla ya kuanza, na kuongeza kipimo pole pole.

Akishaandikiwa, mtoto hupewa dawa akiwa amenyonya au amekula. Akitapika, akihara au akikataa kunyonya, huruka dozi hiyo na kumpigia daktari simu. Akiwa mlegevu, anatokwa na jasho la baridi au anatetemeka, mnyonyeshe na umkimbize hospitali. Matibabu huchukua miezi 6 au zaidi, na usiyakatize kwa sababu tu uvimbe umenywea, maana kwa baadhi ya watoto huanza kukua tena.

Dawa hii hufanya kazi vizuri zaidi ikianzishwa uvimbe ungali unakua. Ndiyo maana mwongozo uliotolewa Marekani mwaka wa 2019 na chama cha madaktari wa watoto unashauri kwamba mtoto mwenye uvimbe wa hatari aonwe na mtaalamu akiwa na umri wa mwezi 1 hivi. Mwambie mama "ngoja hadi afikishe mwaka", nawe umemwambia angoje hadi nafasi iliyo bora zaidi ipite.

BAKA LISILOFIFIA

Aina ya pili ni ya tabia tofauti kabisa. Mtoto huzaliwa nayo, ikionekana tangu siku ya kwanza: baka bapa, la waridi, jekundu au la rangi ya divai, aghalabu upande mmoja wa uso. Halichomozi wala halinywei. Hukua jinsi mtoto anavyokua, na miaka inavyopita rangi hukolea na ngozi huweza kuwa nene. Huwapata watoto kama 3 kati ya kila 1,000. Wasomaji wa umri wangu watamkumbuka Mikhail Gorbachev, aliyekuwa kiongozi wa Muungano wa Kisovieti kuanzia mwaka wa 1985 hadi 1991. Lile baka lililokuwa kwenye kipaji chake ni la namna hii.

Kwa baka hili propranololi haifai kitu. Tiba yake ni leza, yaani mwanga maalumu unaoziba mishipa iliyozidi, na huhitaji vipindi vingi. Leza hulififisha baka, mara chache hulimaliza. Kwa ngozi nyeusi inahitaji mkono wenye uzoefu, kwa kuwa rangi ya ngozi yenyewe hufyonza mwanga huo na inaweza kuachwa na madoa meupe au meusi zaidi. Muulize mhudumu waziwazi: umewatibu watoto wangapi wenye ngozi kama ya mwanangu? Kuwa macho na wanaotangaza krimu za "kufuta alama". Hakuna krimu ya kupaka inayofuta mishipa ya damu.

Baka hili likiwa kwenye paji la uso au kope la juu, lina jambo la haraka pia. Baadhi ya watoto hao huwa na mishipa kama hiyo juu ya ubongo na kwenye jicho. Wanaweza kupata kifafa, au presha ya jicho inayopofusha bila maumivu. Mtoto kama huyo apimwe macho mapema na aendelee kupimwa. Akistuka-stuka upande mmoja wa mwili, asingojewe hadi kesho.

SI KOSA LAKO, MAMA

Mwaka wa 2013 watafiti waligundua chanzo cha mabaka haya yasiyofifia: badiliko dogo katika jeni moja, linalotokea katika chembe chache za kijusi kikiwa tumboni. Halirithiwi kwa mama wala kwa baba. Halina uhusiano na mwezi kupatwa, tamaa ya chakula, laana, wala jicho la jirani. Na hemanjioma vile vile haitokani na chochote alichokula, alichogusa au alichowaza mama mja mzito.

Tunalisema hili kwa sauti kwa sababu lawama ina madhara ya kitiba. Mama aliyelaumiwa humfunika mtoto shuka uso mzima akienda kliniki. Hujibu maswali kwa mkato. Hutafuta tiba kwa siri, na zile wiki chache za thamani zinapita. Baba, ukiwa unasoma haya, mchukue mtoto mikononi na uende naye kliniki wewe mwenyewe. Maneno yote ya mtaani yatakatika siku hiyo.

Masizi, majivu, mafuta ya moto, sarafu iliyopashwa moto, kuchanjwa kwa wembe, kufungwa uzi: hakuna hata kimoja kinachotibu, na kila kimoja kinaweza kuleta kidonda, damu au pepopunda. Uvimbe ukitoa damu, ubane imara kwa kitambaa safi kwa dakika 10 bila kuchungulia chungulia. Damu isipokoma, nenda hospitali huku ungali umebana.

KUMBUKA WIKI YA SITA

Bahati njema ni kwamba ratiba ya chanjo nchini Kenya inakwenda sambamba na uvimbe huu. Mtoto hupelekwa kliniki akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14, yaani wakati ule ule uvimbe unapokimbia. Ukienda kwa chanjo ya wiki 6, usiishie kutoa paja la mtoto tu. Mvue nguo zote na umwonyeshe muuguzi kila alama. Mwombe aiandike kwenye kijitabu cha afya ya mama na mtoto: iko wapi, ina upana gani, ilianza lini. Na ikiwa alama iko katika sehemu tulizozitaja, usingoje wiki ya 6. Nenda uionapo.

Piga picha kwa simu mara moja kila wiki, mahali penye mwanga wa jua, huku umeweka sarafu ya shilingi kando yake kama kipimo. Picha tatu mfululizo zitamwambia daktari mengi kuliko maelezo ya nusu saa.

Ukiambiwa "itaisha yenyewe", usibishane. Uliza kwa heshima maswali mawili: "Daktari, ni aina gani? Na je, mahali ilipo hapawezi kudhurika kabla haijaisha?" Ikiwa iko karibu na jicho, koo, mdomo au sehemu ya nepi, omba barua ya kwenda hospitali ya kaunti au ya rufaa, kwa daktari wa watoto au wa ngozi, na uende wiki hiyo hiyo.

Na ikiwa ni kidoa tu mgongoni au mkononi, kisicho na kidonda, basi muuguzi alisema kweli. Mpige picha, mnyonyeshe, na umwache akue. Siku moja atakuja kukuuliza zile picha zilikuwa za nini, nawe utatafuta pale palipokuwa na uvimbe na huenda usipaone.